Jinsi ya Kuutambua Uwepo wa Mungu Mahali Usipoutarajia: Mwongozo Kamili

Watu wengi wanaojaribu kumtafuta Mungu mahali pagumu hukata tamaa ndani ya juma la kwanza. Tatizo lao si kukosa imani. Wanakubali kwamba Mungu yupo kila mahali, Zaburi ya 139 wanaijua kwa moyo, na wakiulizwa kanisani hawasiti kujibu. Lakini wakikaa kando ya kitanda cha mgonjwa, au kwenye zamu ya kazi wanayoichukia, au ndani ya seli, imani hiyo haiwasaidii kumtambua Yule wanayemkiri.

Ukiwasikiliza kwa makini utagundua kwamba karibu wote hukwama palepale. Wengine hungoja hisia: joto la moyo, machozi, amani ya ghafla. Zisipokuja, huamua kwamba Mungu hayupo. Wengine husaka ishara, na kwa kuwa msaka ishara hazikosi, huishia kuona ujumbe katika kila namba ya gari na kila ndoto, mpaka wachoke au wapotoke. Makundi yote mawili humngoja Mungu kana kwamba bado yuko njiani, ilhali Biblia husimulia kinyume chake tena na tena: Mungu ametangulia kufika, na mtu ndiye anayechelewa kuona.

Kwa hiyo mwongozo huu unafundisha ujuzi mmoja tu, nao ni kutambua. Haufundishi namna ya kumleta Mungu mahali fulani, maana jambo hilo haliwezekani wala halihitajiki.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Daftari dogo na kalamu. Usitumie simu. Simu itakuletea ujumbe katikati ya zoezi, na tena mtu anayeandika kwenye simu kando ya mgonjwa huonekana kama mtu anayechati.
- Biblia. Utahitaji hasa Mwanzo 16, 21 na 28, Kutoka 3 na 33, 1 Wafalme 19, Mathayo 25, Luka 24 na Matendo 16.
- Muda. Dakika kumi mchana ukiwa mahali penyewe, na robo saa usiku kabla ya kulala. Ukitenga saa nzima utashindwa kabla juma halijaisha.
- Mtu mmoja wa kumweleza. Awe mchungaji, padri, mzee wa kanisa, au mama aliyekomaa katika imani ambaye hashtuki ovyo na hatangazi mambo ya watu. Usianze bila huyu. Sababu yake utaiona katika hatua ya saba.
- Majuma sita. Muda mfupi zaidi ya huo hautoshi kutofautisha siku mbaya na mwenendo wenyewe.

## Hatua ya 1: Chagua mahali pamoja, na pawe pale ulipo tayari

Usifunge safari kwenda kutafuta mahali pageni. Mahali unapopahitaji tayari pamo katika maisha yako, na kwa kawaida ni pale unapopapitisha haraka ukiomba pakwishe: benchi la kusubiria hospitalini, zamu ya usiku, choo unachokisafisha kila asubuhi, chumba cha mzazi aliyepoteza kumbukumbu, foleni ya ofisi ambayo haisogei, mahabusu.

Chagua pamoja tu. Anayejaribu kutazama kila mahali hatazami popote, na baada ya siku chache daftari lake hujaa sentensi za jumla ambazo zingeweza kuandikwa na mtu yeyote.

Tahadhari ya kwanza: usiingie katika mateso ya watu wengine ili wewe ujifunze. Mtu anayezunguka wodini au gerezani akitafuta uzoefu wa kiroho, bila jukumu na bila ruhusa, ameugeuza msiba wa wenzake kuwa darasa lake. Kama kazi, undugu au huduma iliyopangwa ndiyo iliyokufikisha hapo, sawa. Kama sivyo, chagua pengine.

Tahadhari ya pili: ukiwa mahali unapopigwa au kudhalilishwa, kazi yako ya kwanza ni kutoka ukiwa salama na kupata msaada. Mungu anaweza kutambulika hata katika njia ya kutorokea, kama tutakavyoona kwa Hajiri.

Umefaulu ukiweza kupataja mahali hapo kwa sentensi moja yenye saa na kiti ndani yake. "Katika maisha yangu ya kazi" ni jibu pana mno. "Kwenye benchi la tatu karibu na dirisha la dawa, kila Jumanne asubuhi, nikimsindikiza baba" linatosha.

## Hatua ya 2: Shughulikia mwili wako kwanza

Eliya alipokimbilia jangwani na kuomba afe, kitu cha kwanza alichopewa hakikuwa maono. Alilala. Malaika akamwamsha, akamwonyesha mkate na maji, akala, akalala tena, akaamshwa mara ya pili, akala tena. Ndipo akatembea siku 40 hadi mlima Horebu na kuisikia ile sauti ndogo ya utulivu, baada ya upepo, tetemeko na moto ambavyo Bwana hakuwamo (1 Wafalme 19).

Mtu asiyelala siku tatu mfululizo hana haja ya zoezi la kiroho. Anahitaji mtu wa kumpokea zamu. Uchovu mkubwa huweza kufanana sana na kuachwa na Mungu, na mara nyingi mtu huwalilia wachungaji kwa jambo ambalo usingizi wa usiku mmoja ungelipunguza nusu. Lala, kula, kisha uendelee na hatua ya tatu.

## Hatua ya 3: Kaa na kisa kimoja mpaka ukijue kwa undani

Kabla ya kutazama mahali pako, tazama kwanza mahali pa mtu mwingine ambapo jambo hili lilitokea na likaandikwa. Soma kisa kimoja kwa juma zima, kila siku kisa hichohicho. Lengo ni kuona mambo mawili: Mungu alikuwa wapi, na nini kilimzuia mtu yule asimwone.

Ninapendekeza Hajiri, na ninapendekeza usome sura zake zote mbili, kwa sababu wengi huishia ya kwanza. Katika Mwanzo 16 ni mjakazi, mjamzito, anatoroka kwa sababu bibi yake Sarai, mke wa Abramu, anamtesa, na yuko kando ya chemchemi jangwani. Huko hakuna madhabahu wala kuhani, na yeye mwenyewe hajaomba lolote katika andiko. Anatafutwa, anaitwa kwa jina lake, jina ambalo Sarai na Abramu hawalitamki hata mara moja katika sura hiyo wanapomzungumzia. Kwao ni "mjakazi". Kisha anaulizwa ametoka wapi na anakwenda wapi. Naye anafanya jambo ambalo hakuna aliyemtangulia kulifanya katika Biblia: anampa Mungu jina, "Mungu uonaye".

Katika Mwanzo 21 yuko jangwani tena, safari hii amefukuzwa. Maji ya kiriba yameisha, na mtoto amemlaza chini ya kijiti ili asimwone akifa. Angalia kwa makini kinachofuata. Andiko halisemi kwamba Mungu aliumba kisima. Linasema alimfumbua macho, akaona kisima cha maji. Maji yalikuwa pale alipokuwa akilia. Mstari huo mmoja ndio unaobeba mwongozo huu wote, na ningekushauri uunakili kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako.

Kuna sehemu ya kisa hiki inayotumiwa vibaya, nayo ni lile agizo la sura ya 16 kwamba Hajiri arudi kwa bibi yake. Limewahi kutumiwa kuwarudisha watu kwenye nyumba za mateso. Lilikuwa agizo kwa mtu mmoja katika safari moja, likiambatana na ahadi maalumu. Na katika sura ya 21 Mungu yuleyule anakuwa pamoja naye anapoondoka asirudi tena.

Ikiwa hali yako haifanani na ya Hajiri, kuna visa vingine. Anayesumbuliwa na hatia asome Mwanzo 28, ambako Yakobo, akiwa amemdanganya baba yake na kumkimbia ndugu yake, analala na jiwe chini ya kichwa, kisha anaamka na kukiri kwamba Bwana yupo mahali hapo wala yeye hakujua. Aliyefungwa asome Matendo 16, na azingatie mpangilio wa mambo: Paulo na Sila waliomba na kuimba usiku wa manane miguu yao ikiwa bado katika mkatale, yaani imebanwa kwa pingu za mbao, na tetemeko likaja baadaye. Nyimbo hazikuwa shukrani kwa milango iliyofunguka. Asome pia Mathayo 11, maana Yohana Mbatizaji hakufunguliwa milango yoyote, na bado Yesu alimsifu kuliko wote waliozaliwa na wanawake. Uwepo wa Mungu na kuokolewa kutoka katika shida ni mambo mawili, na anayeyachanganya atavunjika moyo.

Umefaulu ukiweza kumsimulia mtu kisa hicho bila kufungua kitabu, ukitaja vitu vilivyokuwapo: kiriba, kijiti, chemchemi, jiwe.

## Hatua ya 4: Ingia mahali pako kwa sala fupi

Mlangoni, au kabla ya kukaa, sema sala ya pumzi moja. Ukimfuata Hajiri itakuwa: "Upo hapa, nifumbue macho." Usiongeze neno. Sala ndefu mahali kama hapa huwa njia ya kutokuwapo. Mtu hufumba macho na kuondoka kiroho kwenda pazuri zaidi, wakati kazi yake leo ni kubaki.

Mtu aliyeifanya njia hii kuwa maisha yake ni Nicolas Herman, askari wa zamani aliyeingia utawa wa Wakarmeli mjini Paris katika karne ya 17 na kuitwa Ndugu Laurent. Alipangiwa jikoni, kazi ambayo kwa asili hakuipenda, na baadaye akawa mshona viatu wa nyumba hiyo mpaka uzeeni; alifariki mwaka 1691. Aliwaeleza waliomtembelea kwamba kwake saa ya kazi haikutofautiana na saa ya sala, na kwamba katikati ya kelele za vyombo, watu kadhaa wakimwita kwa wakati mmoja, alikuwa na Mungu kwa utulivu uleule wa kupiga magoti mbele ya Sakramenti. Wanaomsifu husahau kutaja kwamba aliihangaikia hali hiyo kwa miaka, tena akianguka na kuanza upya bila kujisumbua sana kwa kuanguka kwake.

Ukisahau sala mlangoni, iseme unapokumbuka. Usijilaumu kwa dakika tano, maana hapo utakuwa umeanza kujitazama wewe badala ya mahali.

## Hatua ya 5: Geuka utazame

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu huiruka, na kwa maoni yangu ndiyo sababu kuu ya kushindwa. Watu hufika, husali, na papo hapo huanza kuuliza: Mungu ananiambia nini? Wanatafuta maana ya kitu ambacho hawajakiona.

Katika Kutoka 3 Musa yuko kazini, anachunga kondoo wa mkwewe, na anaona kijiti kinawaka bila kuteketea. Anasema ngoja nigeuke nikaangalie. Mstari wa nne unasema kwamba Bwana alipoona kuwa Musa amegeuka ili atazame, ndipo alipomwita. Wito ulikuja baada ya kutazama. Kugundua kwamba kijiti hakiteketei nako kunahitaji mtu asimame kwa muda, kwa sababu anayepita haraka huona moto tu, na moto nyikani si habari.

Fanya hivi. Kwa dakika kumi andika unachokiona na kukisikia, kwa sentensi za kawaida, kama karani wa mahakama. Usilitumie neno "Mungu" katika ukurasa wa mchana. Usitumie pia maneno "baraka", "neema" na "ujumbe". Yatapata nafasi yao usiku.

Ukurasa wa mtu anayesubiri hospitalini usiku unaweza kuwa hivi:

*Benchi la mbao, msumari mmoja umechomoza, mtu ameufunika kwa kipande cha kadibodi. Mzee anahesabu vidonge kiganjani, anapoteza hesabu, anaanza upya. Kijana aliyekaa naye, nadhani hawajuani, anahesabu pamoja naye kwa sauti ya chini. Muuguzi amemwita mama mmoja kwa jina lililokosewa, mama amelisahihisha, muuguzi ameketi, amefuta, ameandika upya, amelisoma jina lote kwa sauti. Mtoto analia kwa zamu na mashine. Nimechukizwa na harufu ya dawa ya sakafu. Nimetazama saa mara nyingi.*

Angalia kwamba ukurasa huu hauna fundisho. Una msumari uliofunikwa na mtu asiyejulikana, una jina lililosahihishwa, una chuki ya mwandishi mwenyewe. Usifiche lililo baya wala usilipambe. Ukiandika mazuri peke yake, utakuwa umetunga mahali pengine ambapo hukuwahi kukaa.

Tahadhari: usiandike majina ya watu wala siri za wagonjwa, na usipige picha. Daftari likipotea lisimwumbue yeyote.

Umefaulu iwapo ukurasa wako una angalau kitu kimoja ambacho usingekijua kama usingekaa. Kwa siku za mwanzo hakitakuwapo. Kufikia juma la pili macho huanza kuzoea, na hapo ndipo mtu hushangaa jinsi alivyokuwa akikaa pale miezi mingi bila kuuona ule msumari.

## Hatua ya 6: Usiku, rudi nyuma

Musa alipoomba kuuona utukufu wa Mungu, aliwekwa katika ufa wa mwamba, akafunikwa kwa mkono mpaka utukufu ulipokwisha kupita, ndipo akaona nyuma yake (Kutoka 33). Wanafunzi wawili wa njia ya Emau walitembea na Yesu aliyefufuka wasimtambue, wakamtambua alipoumega mkate, naye akatoweka. Ndipo wakaulizana kama mioyo yao haikuwaka njiani. Moyo ulikuwa umewaka tangu mchana, lakini walikuja kujua jioni.

Kwa hiyo usidai kumtambua Mungu papo hapo. Inatokea, ila ni mara chache. Kwa wengi utambuzi huja nyuma ya tukio, na robo saa ya usiku imewekwa kwa ajili hiyo.

Soma ukurasa wa mchana polepole, kisha ujiulize:

1. Ni wapi leo nilipewa kitu nisichokiomba, hata kidogo?
2. Ni wapi niliombwa kitu, kwa maneno au kwa jicho tu?
3. Ni wapi niligeuza uso?

Swali la tatu lisirukwe. Mara nyingi mahali tulipogeuza uso ndipo palipokuwa na mtu aliyetuhitaji, na katika Mathayo 25 Yesu anajitambulisha na mtu huyo waziwazi: mwenye njaa, mgeni, mgonjwa, mfungwa. Jambo la kutisha katika sura ile ni kwamba makundi yote mawili, la kuume na la kushoto, yanauliza swali moja: Bwana, tulikuona lini? Hata waliomhudumia hawakumtambua. Waliona mtu mwenye kiu, wakampa maji.

Baada ya maswali hayo, andika mstari mmoja wa usiku, na sasa neno "Mungu" linaruhusiwa. Uandike kwa unyenyekevu: "Huenda Mungu alikuwa katika yule kijana aliyehesabu vidonge." Neno "huenda" libaki kwa majuma matatu ya kwanza. Kama hakuna cha kuandika, andika tarehe na uandike "sikuona". Huo pia ni ukurasa halali. Ayubu alikiri kwamba Mungu anampita karibu naye asimwone (Ayubu 9:11), na maneno yake yamo katika Maandiko.

## Hatua ya 7: Pima ulichokiona

Baada ya majuma matatu utakuwa na mistari kadhaa ya usiku. Usiiamini yote. Yohana anaagiza roho zijaribiwe (1 Yohana 4:1), na agizo hilo linawahusu zaidi wale walio mahali pa dhiki, maana huko akili hutamani sana faraja.

Kipimo bora ninachokijua ni muda. Mwaka 1521 askari aitwaye Ignatius wa Loyola alivunjwa mguu kwa mzinga huko Pamplona, akalazwa miezi mingi nyumbani kwao. Kitandani aliota ndoto za mchana za aina mbili: za ushujaa na sifa mbele ya mwanamke wa hadhi, na za kuishi kama watakatifu aliokuwa akiwasoma. Zote zilimfurahisha wakati wa kuziota. Baadaye akagundua kwamba zile za kwanza zilimwacha mkavu na bila raha, ilhali za pili ziliendelea kumpa furaha hata zilipokwisha. Kitanda cha majeruhi, akiwa amechoshwa na kukosa la kufanya, ndicho kilichomfundisha kupambanua roho, na kutokana na hapo akaja kuwafundisha wengine.

Nawe fanya vivyo hivyo. Rudi kwenye mstari ulioandika siku kumi zilizopita na uulize: bado unanipa uhai, au uliwaka siku ile tu? Kisha ulinganishe na tunda la Roho katika Wagalatia 5:22-23. Kama ulichokitambua kinakufanya mvumilivu zaidi na mgonjwa wako, kina dalili njema. Kama kinakufanya ujione mteule kuliko wenzako, kitilie shaka. Kinachopingana na Maandiko waziwazi kikatae bila mjadala.

Hapa ndipo yule mtu wa kumweleza anapohitajika. Msomee mistari mitatu au minne, kisha nyamaza. Usimwombe akubali, mwombe akuulize maswali. Mtu mmoja asiyeshtuka atakuokoa na mengi.

Tahadhari kubwa: ukianza kusikia sauti zinazoamuru, hasa kujidhuru au kumdhuru mwingine, kukataa chakula au kuacha dawa, au ukiwa na siku nyingi bila usingizi na mawazo yanakimbia, acha zoezi hili na umwone daktari siku hiyohiyo pamoja na mchungaji wako. Kumwona daktari si kukosa imani. Luka mwenyewe anaitwa tabibu mpendwa (Wakolosai 4:14).

## Hatua ya 8: Itikia kwa kitu kilicho pale pale

Yakobo alipoamka alichukua jiwe lilelile alilolalia, akalisimamisha kuwa nguzo na kulimiminia mafuta. Hakutafuta jiwe zuri zaidi.

Kuitikia ni lazima, kwa sababu utambuzi usiozaa tendo hugeuka kuwa burudani ya moyoni. Lakini tendo liwe dogo na litokane na mahali penyewe. Kama ulimwona Mungu katika msumari uliofunikwa, tafuta nyundo. Kama ilikuwa katika jina lililosahihishwa, jifunze jina la mfagiaji unayempita kila siku. Usiahidi mambo makubwa ukiwa bado na msisimko. Nadhiri za usiku wa hospitali huwa mzigo mchana.

François-Xavier Nguyễn Văn Thuận, askofu wa Vietnam, alikamatwa mwaka 1975 na kukaa kifungoni miaka 13, tisa kati ya hiyo akiwa peke yake. Aliomba kuletewa divai kidogo kama dawa ya tumbo, na kwa matone matatu ya divai na tone moja la maji kiganjani mwake aliadhimisha misa. Hakuwa na kikombe, akautumia mkono. Wala hakuishia hapo: walinzi waliokuwa wakibadilishwa wasizoeane naye aliwafanya marafiki, akawafundisha lugha, mpaka wakuu wa gereza wakaona hakuna faida ya kuwabadilisha.

Umefaulu iwapo mtu mwingine mahali pale amefaidika, hata kama hajui kwamba una daftari.

## Ukikwama

"Nimefika juma la nne na sihisi chochote." Angalia kwanza kama kuna tendo lolote ulilofanya. Kama unatenda na huhisi, endelea. Barua za Mama Teresa wa Calcutta, zilizochapishwa mwaka 2007, zilionyesha kwamba aliishi karibu miaka 50 katika giza la ndani, asimhisi Mungu, huku akiwahudumia waliokuwa wakifa. Hisia ni zawadi, na haiko katika orodha ya vitu vya kuandaa.

"Namwona Mungu katika kila kitu sasa, hata kwenye mawingu." Punguza. Rudi hatua ya tano kwa juma zima bila ukurasa wa usiku. Kumbuka pia kwamba kumtambua Mungu kisimani si kukiabudu kisima; mahali hubaki mahali.

"Nimefiwa, na zoezi hili linaniudhi." Liache. Soma Zaburi ya 88, ambayo inaishia gizani bila kugeuka kuwa sifa, na uisome kwa sauti kama ni lazima kwa hasira. Nawe uliye karibu na mfiwa, usimwambie Mungu yuko wapi katika msiba wake. Marafiki wa Ayubu walikaa naye siku saba kimya, na hilo ndilo jambo jema walilofanya. Walipoanza kueleza ndipo walipoharibu.

"Ninaumwa mimi mwenyewe, siwezi kuandika." Ondoa daftari, ondoa dakika kumi, baki na ile sala ya pumzi moja na kitu kimoja cha kutazama kwa siku: pazia, mkono wa anayekuhudumia, mwanga ukutani. Usiku, yule mtu wako aje, au apige simu, umtajie kitu hicho kimoja. Kazi ya kupima na kukumbuka aibebe yeye kwa niaba yako mpaka upate nafuu, na kama huna nguvu ya kuzungumza, akae tu.